Kifurushi cha mapishi cha Sh 18,000: tuchukue au tuendelee na soko?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Mimi ni muuguzi, mume wangu yuko bandarini, tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Dada wa kazi aliolewa mwezi wa kwanza na hatujapata mwingine. Sasa kuna vijana wameanza kuleta vifurushi vya mapishi mpaka mlangoni: samaki ameshasafishwa, mchele umepimwa, nyanya, vitunguu, viungo na karatasi ya maelekezo, kazi yako ni kupika tu. Cha watu wanne ni Sh 18,000, wiki ya kwanza nusu bei. Nataka kuchukua siku nne kwa wiki. Mume wangu anasema huo ni ufujaji, soko si liko hapo hapo? Mimi namwambia mboga zinatuozea frijini kila wiki, na siku mbili katika wiki nikirudi hoi tunaishia kwenye chipsi kuku za Sh 22,000. Nani yuko sahihi? Halafu, samaki wao akilala mpaka kesho yake ana shida?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo yuko sahihi siku mbili, wewe uko sahihi siku mbili. Tatizo ni kwamba mnabishana kana kwamba siku zote nne ni sawa.

Kabla ya kukujibu niliagiza kifurushi kimoja mwenyewe, maana maswali ya aina hii ukiyajibu ukiwa umekaa kitini utamdanganya mtu. Kijana wa bodaboda alifika saa kumi na moja kasoro. Nikamwaga kila kitu mezani, nikatoa mizani yangu ya keki. Migebuka wawili, wameparwa na kutolewa matumbo, gramu 610 pamoja na vichwa. Mchele gramu 600. Nyanya tano, vitunguu viwili, karoti moja, limau, punje tatu za kitunguu saumu zimefungwa kwenye kijikaratasi kama dawa. Mawese kwenye kichupa, kama vijiko vitano vya chakula. Na matembele, tena yamechambuliwa tayari. Hapo nikiri nilitabasamu, kwa sababu kuchambua matembele ni kazi ninayoichukia kuliko kuosha masufuria. Karatasi yao inasema “kaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia” bila kusema kama unatumia mkaa au gesi, lakini kwa ujumla inaeleweka.

Chakula kilitoka kizuri. Wali ulitosha watu wanne, samaki alitosha, ila mboga ilikuwa ya watu wawili na nusu. Matembele yakishaiva hunywea, na nadhani waliyapima kwa macho yakiwa mabichi.

Asubuhi yake nikaingia sokoni na orodha ile ile. Migebuka wa ukubwa ule Sh 6,000. Mchele wa kiasi kile 1,500. Nyanya na vitunguu 1,300. Matembele 800, na hapo nilichukua mengi zaidi ya yale yao. Mawese 600, karoti, limau na saumu 500. Jumla Sh 10,700. Ongeza bodaboda kwenda na kurudi 2,000, ingawa hakuna anayekwenda sokoni kwa ajili ya mlo mmoja. Ukienda mara moja kwa milo mitatu, kila mlo unabeba kama 700. Kwa hiyo chakula kile kile kwa njia ya soko ni Sh 11,400. Hizo ni bei zangu za siku ile. Wewe andika zako kwenye daftari wiki moja tu, utaona tofauti haiendi mbali.

Elfu kumi na nane toa elfu kumi na moja na mia nne unabaki na Sh 6,600. Hiyo ndiyo bei halisi ya huduma, kwa kila mlo. Unanunua nini kwa hizo? Nilijipima kwa saa ya simu. Safari ya sokoni, kuzunguka na kurudi ilinichukua saa moja na robo. Ukiigawa kwa milo mitatu ni dakika 25. Kupara samaki na kuchambua mboga ni dakika 20. Kupika ni kule kule, jiko halijui kama nyanya ilikuja kwenye kifurushi au kwenye kikapu. Kwa hiyo unanunua dakika 45 hivi. Kuna mtu ambaye dakika 45 za jioni ni sawa na elfu sita na mia sita, na kuna ambaye si sawa, na hilo siwezi kukuamulia. Muuguzi aliyetoka zamu ya asubuhi akiwa amesimama kwa saa nane anaweza kuwa wa kwanza.

Ila sikiliza hapa, maana ndipo hesabu ya mumeo inapokosea. Yeye analinganisha kifurushi na chakula cha sokoni. Kwa siku mbili kati ya zile nne, chakula cha sokoni hakipo kabisa: kuna chipsi kuku. Siku hizo kifurushi kinakuja mahali pa Sh 22,000, kwa hiyo kila kikija kinakuokolea 4,000, na watoto wanapata samaki na mboga za majani badala ya viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta ambayo sijui yamechemka mara ngapi. Siku mbili nyingine, ambazo kwa maelezo yako huwa unapika vizuri tu, kifurushi kinakuja mahali pa Sh 11,400, na kila kikija kinakula 6,600.

Jumlisha kwa wiki. Sasa hivi siku zile nne zinawagharimu Sh 66,800: chipsi mara mbili, kupika mara mbili. Ukichukua vifurushi vinne ni 72,000. Ukichukua viwili tu, kwa siku za uchovu, na nyingine ukaendelea na sufuria yako, ni 58,800. Mumeo akiona namba hiyo sidhani kama atasema neno ufujaji tena. Lakini hesabu inakubali kwa sharti moja: chipsi zikome. Nimeona nyumba zenye kifurushi frijini na mfuko wa chipsi mezani usiku huo huo, kwa sababu aliyechoka sana hata kuwasha jiko hataki. Kama uchovu wako ni wa aina hiyo, hizo dakika 45 hazikusaidii kitu. Unachohitaji ni chakula kilichoiva, na hapo mama ntilie wa karibu anawashinda hao vijana kwa bei na kwa haraka.

Jambo la pili ni kujiuliza huduma hii ilibuniwa kutibu ugonjwa gani. Biashara hii kwa sura yake ya sasa ilianzia Sweden mwaka 2007, Berlin wakaanzisha kampuni ya HelloFresh mwaka 2011, Marekani ikapamba moto kuanzia 2012. Kule mtu akitaka kijiko kimoja cha mchuzi wa soya ananunua chupa nzima, akitaka majani mawili ya kotimiri ananunua fungu lililofungwa kwa plastiki, nusu yake inaozea frijini. Kifurushi kikamletea kijiko kimoja na majani mawili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha milo ya vifurushi na milo ile ile iliyonunuliwa dukani, wakakuta kwamba pamoja na plastiki zote zile, kifurushi kilisababisha hewa chafu ya kupasha dunia joto pungufu kwa wastani wa kama robo moja. Sababu kubwa ni kwamba chakula kidogo kilitupwa, nyumbani na dukani.

Sasa njoo kwa mama genge wa mtaani kwako. “Nipimie mawese ya mia tatu. Saumu ya mia mbili. Nyanya za mia tano, usiniwekee zilizopondeka.” Ugonjwa ule ule alishautibu kabla ya mtu yeyote wa Berlin kusajili kampuni. Hapa kwetu kiasi kidogo ndicho cha kawaida, na gunia ndilo la kutafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachofanya kifurushi kiwe na maana kule, huku unalipia kitu unachokipata hatua hamsini kutoka mlangoni.

Mbona basi mboga zinakuozea? Nakisia unakwenda sokoni Jumamosi na kubeba za wiki nzima. Mchicha na matembele havivumilii hivyo, hata kwenye friji, hasa vikiwekwa vikiwa na maji. Nunua sokoni vitu vinavyokaa: vitunguu, karoti, kabichi, mchele, dagaa wakavu, unga. Majani chukua gengeni siku ile ile, ukishuka kwenye daladala. Kifurushi hakitaponya hili, kwa sababu siku zile tatu zisizo na kifurushi bado utakuwa na mchicha wa Jumamosi umelala kwenye friji.

Tuje kwenye samaki, maana hapa ndipo wengi wanaosoma matangazo ya hao vijana hawapaangalii. Wewe ni mtu wa Kigoma, unajua bei ya dagaa na migebuka hupanda na kushuka na mwezi. Vipe, vile vyombo vya wavuvi, vinakwenda ziwani usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola na betri. Samaki hufuata mwanga gizani. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi haina tena cha kumvutia samaki, na wengi hupumzisha vyombo siku kadhaa. Asubuhi zake ukishuka Kibirizi unakuta mwalo umepoa na wachuuzi wanashindana kwa samaki wachache. Siku za giza mambo hugeuka: dagaa wabichi mpaka muuzaji anakuongezea kiganja bila kuombwa.

Kifurushi hakina mwezi. Ni Sh 18,000 tarehe zote. Mimi niliagiza siku za giza, ndiyo maana migebuka wawili walikuwa 6,000 sokoni. Wa ukubwa huo huo nimewahi kuwanunua kwa 9,000 wakati wa mbalamwezi, na kwa bei hiyo pengo la 6,600 linashuka mpaka 3,600. Kwa hiyo mtu mjanja angechukua vifurushi vya samaki mwezi ukiwa mkubwa, na siku za giza angekwenda mwenyewe. Wao pia si wajinga. Mwenye bei moja ana njia mbili za kujikinga: apandishe wastani tangu mwanzo, au samaki apungue kimyakimya. Wapime. Wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, samaki wa kifurushi kimoja kile kile awekwe kwenye mizani, na gramu ziandikwe. Ukiona 610 imekuwa 430, umepata jibu lako bila kumuuliza mtu.

Waulize pia wanafanyaje ziwa likifungwa. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mpango wa chakula unaotegemea migebuka kila Jumanne na Alhamisi lazima uwe na jibu la miezi kama hiyo: kuku? maharage? kwa bei ipi? Kama wanakutaka ulipe mwezi mzima kwa mkupuo kabla ya kukujibu hilo, usilipe.

Kuhusu hiyo nusu bei ya wiki ya kwanza: ichukue, na uchukue siku zote wanazokuruhusu. Kwa Sh 9,000 unakula chini ya bei ya soko, wao ndio wanaokulisha kwa hasara. Ila ujue kwa nini wanafanya hivyo. Biashara hii kote duniani huvuta wateja kwa punguzo, na punguzo likiisha wengi huondoka, kisha kampuni inalazimika kutafuta wengine kwa punguzo jingine. Blue Apron, kampuni ya vifurushi ya New York, iliingia soko la hisa mwaka 2017 ikiwa na thamani ya kama dola bilioni 1.9, mwaka 2023 ikauzwa kwa kama dola milioni 103. Watu walikipenda chakula. Walichokataa ni kulipa bei kamili kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kwako wiki ya nusu bei haikufundishi kama utaipenda huduma. Itakayokufundisha ni ya pili, utakapotoa elfu kumi na nane tarehe 22 ya mwezi, mshahara ukiwa umeshapungua.

Mimi mwenyewe niliwahi kunaswa hivyo nikiwa Dar es Salaam, miaka ya nyuma, na mtu mmoja wa kuleta matunda yaliyokatwa. Nililipa mwezi mzima kwa simu. Wiki ya tatu mapapai yakaanza kuja mabichi, ya nne hayakuja kabisa, na namba haikupokelewa. Tangu siku hiyo nalipa mzigo ukifika, sina aibu.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja, na kwa mji wenye bodaboda kila kona mimi ndiyo ningeijaribu kwanza. Tengeneza kifurushi chako mwenyewe. Tafuta bodaboda mmoja unayemwamini, mtumie orodha asubuhi kwa simu pamoja na hela, na mtume kwa wauzaji wale wale kila mara: samaki kwa fulani, mboga kwa fulani. Uongee na muuza samaki mara moja ana kwa ana ili akuwekee na akuparie. Vitu 10,700, bodaboda tuseme 2,500, kupara 500. Sh 13,700. Ni pungufu ya kifurushi kwa 4,300, na mboga unaagiza inayotosha watu wanne. Ukiagiza vitu vya siku mbili kwa safari moja, inashuka zaidi. Wiki mbili za mwanzo ataleta nyanya mbivu kupita kiasi na kusahau limau. Mvumilie, wiki ya tatu atakuwa anakupigia simu yeye kukuambia leo dagaa ni wazuri.

Kinachokosekana kwenye njia hiyo ni karatasi ya maelekezo, na hapa niwape vijana haki yao. Karatasi ile ina thamani ambayo sikuitarajia. Unasema una zamu. Nakisia zipo za mchana, unazorudi saa mbili usiku. Siku hizo nani anapika? Mumeo anajua kusoma. Kifurushi chenye vipimo kamili na hatua nane zilizoandikwa ni kitu ambacho mwanaume asiyewahi kuunga mchuzi anaweza kukishika na kukimaliza. Mpe cha nusu bei wiki ya kwanza, wewe ukiwa kazini, usipige simu kumuuliza amefikia wapi. Pengine swali la ufujaji ataliangalia kwa jicho jingine akishaona dakika arobaini za kusimama mbele ya jiko zilivyo. Karatasi usizitupe pia. Baada ya mwezi mtakuwa na mapishi kadhaa mkononi, na hayo hayalipiwi mara ya pili.

Sasa samaki wa kulala. Wewe ni muuguzi, habari za bakteria nisikufundishe, niseme ya jikoni tu. Swali la kwanza ni samaki huyo alikuwa wapi kabla hajafika kwako. Wa kwangu alikuja bila barafu, kwenye boksi la bodaboda, jua la alasiri. Mguse akifika: awe wa baridi, nyama irudi ukiibonyeza, matamvua kama yapo yawe mekundu. Akiwa wa uvuguvugu mrudishe, usimwonee haya kijana. Akifika wa baridi na friji yako inashika nyuzi 5 au chini, anaweza kulala usiku mmoja, chini kabisa ya friji, kwenye bakuli lenye mfuniko. Umeme ukikatika, friji ambayo haikufunguliwa hushika baridi kama saa nne. Zaidi ya hapo usibahatishe. Njia nzuri zaidi ni kumkaanga usiku ule ule aliofika, hata kama umechoka, ni dakika kumi na tano. Aliyekaangwa anakungoja frijini mpaka kesho kutwa, na siku hiyo unamtia tu kwenye rosti, unaiacha ichemke vizuri, basi.

Kwa siku ambazo zamu yako haieleweki, waombe kifurushi cha dagaa wakavu au maharage badala ya samaki mbichi. Na wali uliobaki usiulaze kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi, kama wengi wetu tulivyolelewa. Utandaze kwenye sahani upoe upesi, kisha uingie frijini ndani ya saa mbili. Kwa tumbo la mtoto, wali uliolala vuguvugu naogopa kuliko huyo mgebuka.